Upimaji wa vifaa vya kudhibiti vumbi migodini

Upimaji wa vifaa vya kudhibiti vumbi migodini ni kazi ya kuhakikisha kwa vipimo kwamba kifaa kilichowekwa mgodini ili kupunguza vumbi kinapunguza kweli vumbi linalovutwa na wachimbaji. Vifaa hivyo ni kama vinyunyizio vya maji, feni, vichujio vya hewa na mashine za kuchoronga miamba kwa maji. Upimaji hufanyika katika maabara, katika njia za chini ya ardhi zilizojengwa kwa ajili ya majaribio, na katika migodi yenyewe wakati wa kazi.

Kazi hii ilikua hasa katika migodi ya makaa ya mawe, lakini mbinu zake hutumika pia katika migodi ya dhahabu, tanzanaiti na mawe ya ujenzi. Nchini Tanzania vipimo vinavyojulikana zaidi vya vumbi chini ya ardhi vilifanyika katika mgodi wa makaa ya mawe mwaka 2003 na 2004.

Vumbi linalopimwa

Vumbi linaloonekana kwa macho si lile linalodhuru zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutoka kwa makamasi na makohozi. Chembe ndogo zenye kipenyo cha takriban mikromita 4 au chini yake hufika hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita kama 70, hivyo chembe hizo hazionekani, na katika hewa tulivu zinaweza kuelea kwa saa nyingi. Ndiyo maana mchimbaji hawezi kusema kwa kutazama tu kwamba hewa ni safi.

Vumbi la makaa ya mawe likivutwa kwa miaka mingi husababisha ugonjwa unaoitwa mapafu meusi. Vumbi lenye madini ya kwatsi, ambayo kikemia ni silika (SiO2), husababisha silikosisi: mapafu hujaa makovu, mgonjwa hukosa pumzi, na hakuna dawa ya kurudisha mapafu katika hali yake ya kwanza. Silika huongeza pia hatari ya kupata kifua kikuu na saratani ya mapafu. Katika mgodi wa makaa kwatsi hutoka hasa kwenye mwamba ulio juu na chini ya tabaka la makaa, si kwenye makaa yenyewe. Kwa sababu hiyo wanaotoboa njia mpya kupita kwenye mwamba huwa hatarini kuliko wanaokata makaa.

Vumbi la makaa lina hatari nyingine: hulipuka. Tarehe 10 Machi 1906 mlipuko wa vumbi katika migodi ya Courrières, Ufaransa, uliua watu 1,099. Ili kuzuia milipuko ya namna hiyo, unga wa mawe ya chokaa hunyunyizwa kwenye kuta na sakafu za njia za mgodi. Unga huo nao ni vumbi. Ukinyunyizwa wakati watu wapo upande ambako upepo unaelekea, huharibu vipimo na huingia mapafuni mwao. Kinga ya hatari moja hivyo inapaswa kupangwa isilete nyingine.

Historia

Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani John George Leyner alitengeneza mashine ya kuchoronga iliyopeleka hewa hadi mwisho wa tundu kupitia ndani ya chuma chake. Hewa ilisukuma nje vumbi jingi mno, na baadaye akaongeza maji. Uchorongaji kwa maji ulikuja kuwa kinga muhimu kuliko zote katika migodi ya mwamba mgumu.

Nchini Afrika Kusini silikosisi iliua wachimbaji wengi wa dhahabu wa Witwatersrand mwanzoni mwa karne ya 20. Huko, mwaka 1916, Robert Kotzé alibuni konimita, kifaa kidogo kilichovuta hewa na kugongesha vumbi lake kwenye kioo chenye mafuta ili chembe zihesabiwe kwa hadubini. Kwa kifaa hicho mkaguzi aliweza kulinganisha hewa ya kabla na baada ya kuwasha maji. Kasoro ya konimita ni kwamba ilichukua hewa ya nukta moja tu ya wakati, na chembe moja kubwa ilihesabiwa sawa na moja ndogo. Baadaye wataalamu walihamia kwenye kupima uzito wa vumbi lililokusanywa zamu nzima, kwa kuwa uzito huo ulilingana vizuri zaidi na ugonjwa.

Nchini Marekani mlipuko wa Farmington wa Novemba 1968, uliowaua wachimbaji 78, na mgomo wa wachimbaji wa West Virginia wa mwaka 1969 kuhusu mapafu meusi vilileta sheria mpya ya migodi ya makaa mwaka huo huo. Sheria iliweka kikomo cha vumbi: kwanza miligramu 3 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kisha 2. Tangu Agosti 2016 kikomo ni miligramu 1.5. Kikomo kilipokuwa namba, ilibidi kila kifaa kithibitishwe kwa namba.

Vifaa vinavyopimwa

Cha kwanza ni hewa yenyewe. Feni kubwa husukuma hewa safi mgodini, na mapazia ya turubai au mabomba huielekeza hadi mahali pa kuchimba. Pazia likiachwa mbali na mwamba hewa hurudi kabla ya kufika linakohitajika, na feni yenye nguvu kiasi gani haisaidii. Hapa hupimwa kasi ya hewa, na mara nyingine hutumika gesi ya alama kama heksafloridi ya sulfuri: kiasi kinachojulikana huachiliwa mahali pa kuchimba, kisha hupimwa jinsi inavyoondoka. Gesi hiyo husaidia pia kujua kama methani itaondolewa.

Vinyunyizio vya maji vinaonekana rahisi, na pengine ndiyo sababu hukosewa mara nyingi. Maji hufanya kazi vizuri zaidi yanapolowesha mwamba kabla vumbi halijaruka. Vumbi likiisha kuruka, matone hulikamata kwa shida. Watu wengi hudhani kuongeza msukumo wa maji huongeza faida. Majaribio yalionyesha kwamba msukumo mkubwa mno husukuma pia hewa, nayo hugeuka na kurudisha vumbi kwa mwendesha mashine. Kinyunyizio kinaweza basi kupunguza jumla ya vumbi na hapo hapo kuongeza lile linalovutwa na mtu mmoja. Jambo hilo haligunduliwi bila kuweka kipimo mahali mtu huyo anaposimama.

Kwenye mashine kubwa za kukata makaa kuna kichujio cha maji: feni huvuta hewa chafu kupitia wavu wa waya unaoloweshwa daima. Kikiwa kipya hukamata sehemu kubwa ya vumbi. Lakini wavu huziba, na baadhi ya vichujio hivyo hupoteza hadi theluthi moja ya hewa yake baada ya mkato mmoja tu. Kipimo kilichofanywa kiwandani hakimwambii mchimbaji jinsi kifaa kilivyo saa sita mchana.

Mashine za kuchoronga hupimwa kwa maji na bila maji, au kwa mfuko wa kufyonza vumbi kavu. Barakoa huhesabiwa mwisho, kwa sababu haipunguzi vumbi lililomo hewani, na mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto huivua.

Jinsi ya kupima

Kipimo cha msingi ni pampu ndogo inayovaliwa kiunoni. Mpira mwembamba hutoka kwenye pampu hadi begani, karibu na pua. Hapo kuna saikloni, kijichombo kinachozungusha hewa ili chembe kubwa zitupwe pembeni na zile ndogo tu zifike kwenye chujio. Chujio hupimwa uzito kabla na baada ya zamu.

Hesabu yake ni nyepesi. Pampu ikivuta lita 2 kwa dakika, kwa saa 8 itavuta lita 960, yaani karibu mita moja ya ujazo. Ikiwa hewa ina miligramu 0.9 za vumbi kwa mita ya ujazo, chujio kitaongezeka uzito usiofika miligramu moja. Mizani inapaswa kusoma mikrogramu, na unyevu wa chumba unaweza kupotosha jibu. Kwa hiyo huwekwa vyujio vitupu vinavyosafiri pamoja na vingine bila kuvutiwa hewa, ili mabadiliko yao yatolewe kwenye hesabu. Kwatsi hutafutwa baadaye kwenye vumbi lililonaswa kwa njia ya miali ya eksirei au mwanga wa infraredi.

Kuna pia kipimo kinachovaliwa chenye kuonyesha jibu wakati wa kazi. Ndani yake chujio hukaa juu ya mrija unaotikisika. Kadiri vumbi linavyoongezeka ndivyo mtikisiko unavyopungua kasi, na kompyuta hubadilisha kasi hiyo kuwa uzito. Migodi ya makaa ya Marekani inalazimika kukitumia tangu 2016. Faida yake ni kwamba mchimbaji anaweza kubadili mahali pa kusimama saa ile ile. Hakipimi kwatsi.

Kupima kifaa ni kazi ngumu kuliko kupima hewa. Katika maabara au njia ya majaribio, kama ile ya taasisi ya NIOSH karibu na Pittsburgh, vumbi la kiasi kinachojulikana humwagwa, kifaa huwashwa na kuzimwa, na kila kitu kingine hubaki vilevile. Mgodini hakuna kinachobaki vilevile: leo mwamba ni mkavu, kesho una maji, zamu hii imekata tani nyingi, ile nyingine mashine imeharibika. Njia nzuri ni kupima kwa kupokezana, mkato mmoja kifaa kikiwa kimewashwa na mwingine kikiwa kimezimwa, huku vipimo vikiwekwa kabla ya mahali pa kazi, baada yake, na kwa mfanyakazi mwenyewe. Vumbi linaloingia na hewa kutoka njia nyingine hutolewa kwenye hesabu. Majibu hulinganishwa kwa kiasi kilichochimbwa. Sampuli moja au mbili hazitoshi, kwa kuwa vipimo vya mtu yule yule kwa kazi ile ile hutofautiana sana siku hadi siku.

Asilimia nazo zinaweza kudanganya. Kifaa kinachotangazwa kupunguza vumbi kwa asilimia 90 ni kizuri, lakini swali la mchimbaji ni kiasi gani kimebaki. Mfano wake uko katika sehemu ya Tanzania hapa chini.

Uaminifu wa sampuli umeleta kesi pia. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilidai kwamba maelfu ya sampuli kutoka migodi zaidi ya 800 ya makaa yalichezewa, kwa kuwa vyujio vilikuwa na doa jeupe katikati, kana kwamba mtu alipuliza vumbi litoke. Wenye migodi walijibu kwamba kukanyaga mpira au kuangusha chujio kunaweza kuleta doa hilo hilo, na kesi hazikusimama kwa ushahidi wa doa peke yake. Tangu hapo upande wa kutunza sampuli umechukuliwa kuwa sehemu ya upimaji sawa na mizani.

Tanzania: makaa ya Kiwira

Makaa ya mawe ya Tanzania yamo katika miamba ya Karoo ya kusini-magharibi, karibu na Ziwa Nyasa. Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988 ukiwa mgodi wa chini ya ardhi. Ulibinafsishwa katika miaka ya 2000, kisha ukarudi serikalini chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Mgodi wa Ngaka wilayani Mbinga, ulioanza 2011, ni wa shimo la wazi.

Mwaka 2003 na 2004 watafiti kutoka Tanzania na Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walipima vumbi katika mgodi wa makaa wa chini ya ardhi nchini Tanzania ambao kazi zake nyingi zilifanywa kwa mikono. Walichukua sampuli 134 kwa wafanyakazi 90, na matokeo yalichapishwa 2006. Kikundi cha kutoboa njia mpya kilikuwa na wastani wa kijiometri wa miligramu 1.80 za vumbi na 0.073 za kwatsi kwa mita ya ujazo. Kikundi cha kukata makaa 0.47 na 0.013, wasafirishaji wa chini ya ardhi 0.14 na 0.006. Vikomo walivyolinganisha navyo vilikuwa 0.9 kwa vumbi la makaa na 0.05 kwa kwatsi. Asilimia 55 ya sampuli za watoboa njia zilivuka kikomo cha vumbi na asilimia 47 kile cha kwatsi.

Kazi iliyozidi zote ilikuwa kuchoronga wakati wa kutoboa njia: miligramu 17.37 za vumbi na 0.611 za kwatsi. Hiyo ni zaidi ya mara 19 ya kikomo kwa vumbi na mara 12 kwa kwatsi. Muda wa kuchoronga kwa hewa na wa kulipua baruti ndio ulioeleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu. Watafiti walishauri udhibiti wa vumbi uanze na watu hao.

Kifaa cha kupunguza vumbi kwa asilimia 90 kingewekwa kwenye uchorongaji huo, vingebaki miligramu 1.74, karibu mara mbili ya kikomo. Hivyo mahali pa namna hiyo kifaa kimoja hakitoshi. Maji, hewa na mpangilio wa zamu vinapaswa kwenda pamoja, na kila kimoja kupimwa.

Mkoa wa Mara na migodi ya dhahabu

Wilaya za Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara hazina makaa. Miamba yake ni ya kale sana na ina dhahabu, ambayo mara nyingi hupatikana katika mishipa ya kwatsi. Tarime, ambamo iko kata ya Nyanungu, ina pia mgodi mkubwa wa North Mara huko Nyamongo. Mgodi huo ulianza kuzalisha mwaka 2002 kwa mashimo ya wazi, na uchimbaji wa chini ya ardhi wa Gokona ulianza 2015. Wachimbaji wadogo nao hufanya kazi sehemu mbalimbali za mkoa, wakishuka katika maduara kwa tindo, nyundo na baruti, na kusaga mawe kwenye makarasha.

Kwa wachimbaji wa dhahabu tatizo la vumbi ni la kwatsi zaidi kuliko kwa wale wa makaa. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania ulipata wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa mita ya ujazo wakati wa kuchoronga chini ya ardhi, mara 337 ya kikomo cha 0.05 kinachopendekezwa na NIOSH. Juu ya ardhi wastani ulikuwa 0.19, karibu mara 4. Namba ya kwanza haipaswi kulinganishwa moja kwa moja na kipimo cha zamu nzima, kwani mtu hachorongi saa zote. Hata hivyo dakika chache katika hewa ya namna hiyo hujaza kiasi cha siku nzima.

Kwa makarasha ipo kinga iliyopimwa. Kaskazini mwa Nigeria, ambako vumbi la dhahabu yenye risasi liliua mamia ya watoto mwaka 2010, watafiti walijaribu vinyunyizio vidogo vya ukungu wa maji kwenye kazi ya kusaga mawe. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2019, silika hewani ilipungua kwa takriban asilimia 80 na risasi kwa asilimia 95. Vinyunyizio hivyo havihitaji mtambo mkubwa. Vinahitaji maji, na katika maeneo mengi ya dhahabu maji hununuliwa kwa ndoo au dumu, hivyo gharama ya maji ni sehemu ya jibu la kama kifaa kinafaa. Tena, upunguzaji wa asilimia 80 unaofaa kwa karasha la nje usingetosha ndani ya duara: miligramu 16.85 zingeshuka hadi 3.37, bado mara 67 ya kikomo.

Sheria na taasisi

Upimaji wa mazingira ya kazi Tanzania uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Migodi ina pia kanuni zake za usalama, afya na mazingira za mwaka 2010, zinazosimamiwa sasa na Tume ya Madini. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza kama kituo cha kifua kikuu, hupokea wachimbaji wenye magonjwa ya mapafu, wengi wao kutoka Mirerani.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015, hulipa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Silikosisi kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, wakati mchimbaji ameshahama mgodi au ameacha kazi. Kumbukumbu za vipimo vya vumbi vya miaka ile, zikiwa na jina la kazi, mahali na tarehe, ndizo zinazoweza kuonyesha alivuta nini. Mchimbaji mdogo asiye na mkataba wa ajira kwa kawaida hana kumbukumbu za namna hiyo.